Noti Mlangoni

Asubuhi ile nilipiga simu arobaini na moja.
Thelathini na nane zililia mpaka zikachoka.
Mbili zilipokewa na watoto.
Moja ilijibu, "Tumefunga, bwana. Tangu Pasaka,"
kisha yule mtu hakukata. Alibaki akipumua,
nami nikabaki nikipumua,
kama wafiwa wawili waliokutana kwenye foleni ya benki.

Rosario, Julai, baridi ya kukata masikio.
Tulikuwa tunauza mpira:
ule ukanda mweusi unaozunguka mlango wa friji,
kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiota usiku.
Meneja alitupa karatasi ya kukariri.
Mstari wa kwanza: Je, ungependa kuokoa fedha?
Mwaka ule swali hilo lilikuwa tusi,
ni kumuuliza anayezama kama angependa hewa.

Nikakabidhiwa kwa Nélida Bertuzzi anifunze kazi.
Miaka hamsini na minane, koti la marehemu mumewe, viatu vya nesi.
Karatasi hakuwa nayo. Alikuwa na daftari la shule,
majina yote kwa penseli.
"Watu hubadilika," alisema, "na mimi nina kifutio."
Kando ya kila jina, maneno machache:
*Ansaldi, bucha. Mke anaumwa mgongo.*
*Duka la jibini. Usiende Ijumaa, analipa mishahara.*
*Zulma, aiskrimu. Machi alisema hapana. Aliisema vizuri.*

"Hapana husemwaje vizuri?"
"Kuna hapana ya mlango na hapana ya dirisha.
Ya dirisha, unarudi."

Tukaenda kwa miguu; nauli ilikuwa imepanda tena usiku.
Kwa Ansaldi hakusema tunauza nini.
Aliulizia mgongo wa mke,
akasikiliza jibu lote, nalo lilikuwa refu,
lina madaktari wawili na godoro la mkopo.
Ndipo akatoa noti ya peso mbili,
akaibana kwenye mlango wa friji, akafunga.
"Ivute."
Ansaldi akaivuta. Ikatoka laini, kama ulimi.
Tukaitazama sote watatu.
"Inatoka hivyo usiku kucha," Nélida akasema.
"Tofauti ni kwamba usiku huioni."

Ningependa kusema alinunua.
Alisema siku hizi anaagiza nusu ng'ombe,
na hata hiyo nusu humchungulia mpaka Jumatatu.
Nélida akapima mlango, akaandika.
Kisha akaomba birika la maji ya moto na kitambaa,
akamwonyesha jinsi ya kuulainisha ukanda wa zamani
urudi kushika, japo kwa muda.

Nje nilifoka: "Umempa dawa bure!"
"Nimempa wiki tatu," akasema, akifunga kifungo cha koti.
"Na mimi nimejipa njia ya kurudi. Wewe leo umejipa nini?"
Nilikuwa na simu arobaini na moja.
Sikuzitaja.

Tulirudi tarehe sita Agosti.
Bati la mlango lilikuwa chini,
ndoano za nyama zinaonekana kupitia tundu la kufuli,
safi, zimepangwa kwa ukubwa.
Nikangoja atoe kifutio.
Akalamba ncha ya penseli, akaandika chini ya jina:
*Yuko wapi sasa? Mgongo?*
Akaenda kubisha kwa jirani, fundi viatu,
nami nikabaki barabarani nikiona haya,
sijui kwa niaba ya nani.

Jioni nilirudi ofisini. Meneja ameshazima hita.
Nikaifunika ile karatasi kwa kikombe,
nikatafuta namba ya yule wa Pasaka.
Ililia mara tisa.
"Ni mimi," nikasema, "yule wa mwezi uliopita. Ulisema umefunga.
Nilikuwa najiuliza: vile vitu vya dukani, uliviweka wapi?
Na wewe je?"

Kimya. Kupumua kulekule.
Kisha nikasikia kiti kikiburutwa sakafuni,
na mtu akiketi.