Figa la Tatu

Daktari alisema mguu utapona,
lakini aliposema alikuwa anatazama dirisha.
Hapo nikajua.

Gogo la msonobari halina ugomvi na mtu.
Liliteleza tu kutoka kwenye lori, Februari, barafu chini,
na kaka yangu Börje alikuwa amesimama upande usiofaa.
Pikipiki yake ikabaki bandani chini ya turubai.
Mguu wa kushoto haukumtii tena,
kwenye taa nyekundu ungemwangusha kama gunia la viazi,
watu wakitazama.

Mimi ni fundi wa kuchomelea, kiwanda cha mbao, Lycksele.
Kufariji sijui. Chuma nakijua.
Nikanunua kwa Ingemar
Folksiwageni ya mgongo wa kobe, imeoza,
panya wamezaa ndani ya kiti cha nyuma.
Nikaikata katikati. Mbele nikaitupa,
nyuma nikaibakiza: injini, gia, magurudumu mawili,
nikaipachika fremu ya pikipiki humo
kama mtu anayeunga uzi mweusi kwa uzi mwekundu
kwa kuwa ndio aliobakiwa nao.

Börje alikaa juu ya kreti la bia.
“Tyra, hicho ni kitanda au treni?”
“Figa moja haliinjiki chungu,” nikamwambia,
“na mawili yatakimwaga. Nipe tupa.”
Hakunipa. Akatoka nje, akichechemea.

Digrii thelathini chini ya sifuri
spana hushika kiganja, na ukiivuta
inaondoka na kipande chako.
Mafuta yaliganda kama uji wa jana.
Weldi ya kwanza ilipasuka.
Ya pili ilishika, ila nilipopima ekseli
gurudumu la kulia lilimtangulia mwenzake vidole viwili,
mlevi anatoka harusini.
Nikakata tena. Nikalia kidogo, ndani ya barakoa,
mahali ambapo machozi husingiziwa moshi.

Uma wa mbele niliuacha mrefu kupita akili,
umenyooshwa kama shingo ya korongo anayeruka.
Klachi nikaihamishia mkononi.
Kisha asubuhi moja, mwezi wa Aprili,
nikakuta kona zote za fremu zimepigwa tupa,
laini kama jino,
na vumbi la chuma juu ya kreti la bia.
Hatukulizungumza.

Mkaguzi alikuja na futi ya kamba na daftari.
Akazunguka, akalala chini,
akainuka na tope mgongoni.
“Nani kachomelea?”
Nikanyoosha mkono kama mtoto wa shule.
Akasema, “Hm.”
Kwetu kaskazini hizo ni shangwe na vigelegele.

Tukatoka, yeye mbele, mimi nyuma yake
juu ya injini inayolia kama cherehani ya jitu,
matako yangu yakiungua, shingo yake ikiwa nyekundu kwa upepo.
Jambo moja tulilisahau: uma mrefu haupendi kona.
Njia panda ya kanisa ilikuwa nyembamba mno.
Ya shule, vilevile.
Basi tukaenda mbele, mbele tu,
kilomita nane za misonobari,
na mahali pa kwanza penye nafasi ya kugeuza
palikuwa uwanja wa magogo.

Ule ule.

Wanaume walizima mashine zao.
Börje hakusimama, wala hakuharakisha.
Aliuzunguka mrundo mkubwa polepole, duara moja pana,
mguu wake mbovu umelala juu ya kikanyagio
kama mzigo uliofungwa vizuri,
na mtu mmoja, simjui, akavua kofia ngumu
halafu akaona haya, akaivaa tena.

Nyumbani alikaa muda mrefu bila kushuka.
Injini ikapoa, tik, tik.
Nilingoja aseme kitu.
“Breki ya kulia inavuta,” akasema.
“Nipe spana. Kumi na tatu.
Siyo hiyo. Hiyo nyingine.”