Ngazi ya Machano

Ngazi nimeiazima kwa Machano Vuai,
ya miti ya mkandaa, vipandio tisa.
"Cha nne usikiamini," kaniambia,
"na Jumapili magharibi irudi kwangu,
mke wangu keshauliza mara mbili kuhusu dari."
Basi siku zangu mbili zikapata mpaka,
zimepimwa kwa miti ya mtu.

Mie mwalimu wa hesabu, naorodhesha.
Nyuma ya karatasi ya mtihani wa darasa la sita
nimeandika: mfereji wa paa; ua wa makuti, upande wa kisima;
banda la kuku; shimo la mgomba;
chokaa, siku ikibaki.
Chini kabisa, kwa wino mwekundu: kupumzika.
Neno hilo nikalipigia mstari
kama swali la lazima.

Vuli haijabisha hodi hapa Machomane,
lakini mawingu ya asubuhi yanapita
kama mgeni anayechungulia kama umeamka.
Majirani wameanika karafuu mpaka ukingoni mwa njia;
chai yangu haina kiungo, na inanukia.

Napanda. Cha kwanza, cha pili, cha tatu.
Cha nne naruka.
Juu ya bati naiona nyumba yangu
kama anavyoiona kunguru:
ndogo, kutu pembeni,
pazia moja limetoka dirishani kupunga hewa.
Miaka kumi na mmoja nilipanga chumba Chachani,
nikifagia uwanja wa watu.
Matofali nikanunua kumi kumi, kila mshahara,
mchanga kwa gari la ng'ombe la Hamadi Faki, kwa mkopo.
Hati ina jina langu: Mkasi Shaame Kombo.
Nilipoitia saini mkono ulinitetemeka
kuliko siku ya harusi,
na ndoa ile haikufika hata kwenye bati.

Ndani ya mfereji: majani yaliyooza,
kokwa za mwarobaini, fupa la kuku,
na, ajabu, kijiko changu cha chai chenye ua mpinini,
nilichomlaumia mpwa wangu Time mwezi mzima.
Namwita. Anakuja na mikono ya unga.
"Kunguru," nasema.
"Kunguru," anasema, na anasimama palepale, anangoja.
Samahani naitoa huko huko juu,
ambako neno halina pa kujificha.

Mchana, makuti.
Kamba ya kumbi inakata vidole polepole, kwa adabu.
Usiku nageuza shingo, na kichwa hakifuati.

Jumapili, jembe.
Futi mbili chini nakutana na jiwe
lisilotaka kusikia habari ya hati.
Nalipiga. Linanijibu mpaka kwenye meno.
Nalizunguka kushoto, lipo. Kulia, lipo.
Mwishowe mgomba nimeupanda hatua tatu pembeni,
na jiwe nimeliachia shimo lake.

Banda la kuku limepata mlango,
na kuku wamelala nje kwa kuususia.
Chokaa ingali ndooni. Na ikae.

Alasiri, jamvi. Time kaleta muhogo wa kuchemsha
na chai ya mchaichai. Nalala chali.
Mwili umelala; jicho halijaacha kazi:
bawaba ile inataka mafuta,
ukuti ule umekaa upande,
kamba ya nguo nayo...
"Shangazi," anasema Time, "fumba macho."
Nimefumba. Nimejipa nusu alama.

Kabla ya magharibi nikachukua msumari wa inchi nne
na kipande cha kamba kilichobaki,
nikakikaza kile kipandio, nikakikanyaga kwa uzito wangu wote.
Ngazi nikairudisha, nikashukuru, nikanyamaza.

Sasa nimekaa juu ya ndoo niliyoipindua,
udongo ungali katika kucha.
Kwa juu ya ua wangu mpya namuona Machano
anapanda darini kwake na kurunzi mdomoni:
cha kwanza, cha pili, cha tatu.
Cha nne anakiruka.