Shimo la Skaidrite

Mke wangu alianza na kamba na vigingi vinne,
akazungushia ile sehemu ya shamba ambako viazi
kila mwaka huoza kabla ya Agosti.
"Hapa," akasema. Nikamwuliza, "Hapa nini?"
Akanitazama kama mtu anayetazama saa iliyosimama.
"Bwawa."

Mimi, Ojars, mtoto wa mashamba ya Latvia,
niliyefunzwa kwamba ardhi ni ya kulima au ya kuzikiwa,
nilihesabu kwa vidole: magunia arobaini,
dizeli ya tingatinga, vicheko vya majirani.
"Mchimba kisima," nikamwonya, "huingia mwenyewe."
Akacheka. Akaenda kumpigia simu Gunvaldis.

Gunvaldis akaja Jumanne na tingatinga lake la manjano
lenye mlango uliofungwa kwa waya.
Siku ya kwanza lilichimba. Siku ya pili lilizama
mpaka kiunoni, likaguna, likanyamaza,
nasi watatu tukasimama ukingoni, matope magotini,
kama waombolezaji waliosahau jina la marehemu.
Yalihitajika matrekta mawili na mnyororo wa kanisa.
(Usiniulize kanisa lina mnyororo wa nini.)

Chini ya udongo mweusi kulikuwa na mfinyanzi,
wa kibuluu, mzito, laini kama siagi ya jana.
Skaidrite akaufinyanga kiganjani, akaunusa.
"Huu hautavuja," akasema,
na ndipo nilipojua kwamba usiku ule wote
alikuwa akisoma habari za udongo,
nami nikidhani anamwaza Raitis wetu, aliyehamia Ayalandi.

Kisha tukangoja. Shimo ni shimo tu.
Septemba nzima lilikuwa kinywa kilichopanuka kisicho na la kusema.
Wapita njia wakipunguza mwendo wa baiskeli:
"Mnamzika nani?"
"Akiba yangu."

Husemwa maji yakimwagika hayazoleki.
Yeye aliyazoa:
ya mvua ya Oktoba, ya paa la ghala kwa bomba kuukuu,
ya theluji ya Aprili iliyoshuka mtaroni
ikiimba kama mlevi anayerudi nyumbani na mshahara wake wote.

Asubuhi moja ya Mei nikaamka nikaona
wingu limelala shambani kwetu.
Sikulipanda.
Mbingu, ambayo maisha yangu yote ilikuwa ya wengine,
ya serikali, ya ndege za abiria, ya Mungu,
kipande chake, hatua thelathini kwa kumi na nane,
kilikuwa ndani ya mipaka ya hati yetu.

Hatukualika mtu. Wakaja.
Vyura kwanza, wenye deni la kelele la miaka mia.
Kerengende. Mbu, ndiyo, nisiseme uongo,
mbu wa kutosha kata nzima.
Korongo alisimama kwa mguu mmoja
kama karani wa ardhi anayetafuta kosa kwenye ramani.
Kulungu hunywa saa kumi alfajiri
akitukodolea macho dirishani
kana kwamba sisi ndio tuliopotea njia.

Jumamosi tunakoka moto katika kibanda cha mvuke
nilichokijenga pale ukingoni
(si kwamba nilibadili nia; mbao zilikuwepo tu).
Skaidrite, mwaka wake wa sitini na tatu,
hutoka mwekundu kama tofali jipya, anafuka,
anakimbia juu ya gati la mbao mbili,
na kabla hajaruka hupaza sauti kijiji kisikie:
"Mchimba kisima!"
Maji humalizia methali.

Jumapili Raitis alipiga simu, akauliza kina.
Mita tatu, nikamwambia, upande wa mashariki.
Sikumwambia kwamba sina hakika,
kwamba kila nikitumbukiza kamba yenye jiwe
nasahau kuhesabu mafundo.