Kucheua

Nilikuwa na sungura sita nyuma ya jiko, Uru,
kwenye tundu nililolipigilia mwenyewe kwa mabanzi,
mwaka ule baba alipomwaga mbege,
akaacha kisusio, akaacha na kahawa
(kuinywa; kuiuza ushirika hakukuwa dhambi),
akatupeleka wote mto Rau tuzamishwe
na Mwinjilisti Nikundiwe, aliyetoka Upareni
na turubai moja
na Biblia iliyovimba kama mkate.

Jumatatu baba akasimama mbele ya tundu.
"Hawa ni najisi. Wanacheua, na kwato hawana."

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja.
Mengi sikuyajua, lakini sungura nilimjua.
"Baba, hawacheui."
"Imeandikwa."
"Ng'ombe anacheua, donge linapanda shingoni unaliona.
Hawa wanatikisa pua tu."
"Imeandikwa na Mungu, Aminieli."

Akanipa hadi asubuhi niwaage.

Nikakaa juu ya ndoo niliyoipindua
hadi giza likashuka migombani,
nikingoja donge moja, koo moja.
Na niliomba, siwezi kudanganya, niliomba:
Mungu, mfanye Kijivu acheue,
mara moja tu, mbele yangu,
usije ukawa umekosea.

Asubuhi tundu lilikuwa wazi.
Manyoya kidogo kwenye jani la mgomba.
Mama alikuwa akifagia, hakuinua uso.

Watu hudhani mtu huacha dini kwa ajili ya pombe,
au mwanamke, au kwa kukaa sana Dar.
Mimi niliiacha kwa meno ya sungura,
na haikuwa siku moja. Miaka ishirini,
kama mfongo unavyokula ukingo wake
hadi siku moja maji yanapita shambani kwa jirani.

Baadaye nilisoma. Mikono mingi, wino mwingi,
nakala ya nakala, mwandishi anasinzia, mstari unarudiwa.
Mahali fulani, mzee fulani jangwani
alimwona sungura kwa mbali akitafunatafuna,
akaandika alivyodhani.
Simlaumu. Hata mimi ningedhani hivyo.
Kilichonishinda ni kuweka chini ya dhana yake
sahihi ya Mungu.

Ila nisiseme uongo kwa upande wa pili pia.
Kuna kurasa, yule mjane na kichupa chake cha mafuta,
nikifika hapo nywele za mkono zinasimama.
Nani kapuliza hapo?
Sijui. Kama ni mtu tu, basi mtu ni kitu kikubwa
kuliko nilivyofundishwa chini ya turubai.

Baba sasa haoni. Presha ya macho;
KCMC walituambia tumechelewa.
Kila Ijumaa napanda kutoka mjini, namsomea.
Anajua kwamba sisali. Najua kwamba anajua.
Tunaanzia tulipoishia.

Juzi tukafika kwenye sura ya wanyama.
Nikasoma ngamia. Nikasoma wibari.
Kisha nikaruka, nikaenda moja kwa moja kwa nguruwe,
kwa huruma au kwa woga, mpaka leo sijaamua.

Mvua ilikuwa inapiga bati.

"Umemruka mmoja," alisema.

Akageuza uso kuelekea nyuma ya jiko,
pale ambapo siku hizi pameota masale tu.
"Usiku ule na mimi niliwaangalia.
Ulipolala. Nilikaa kwenye ile ndoo yako na kurunzi
mpaka betri zikaisha."

Nikangoja. Sikutaka hata kufunga ukurasa.
Taya lake lilikuwa linakwenda, taratibu,
kama mtu aliyerudishiwa mdomoni
kitu alichokimeza zamani.

"Ukaona nini, baba?"

Alipapasa meza, akaipata Biblia, akaisukuma
kidogo tu, upande wangu.

"Soma," alisema. "Soma na huyo."