Pampu Inayoguna Usiku

Kila baada ya dakika kumi na moja
pampu iliguna chini ya kitanda chetu,
krr, krr, kisha kimya,
kama mtu aliyekumbuka deni usingizini.
Hakuna aliyefungua koki.
Wobbe alihesabu kwa saa ya mkononi, gizani,
akasema: "Maji yana pa kwenda."

Boti ni ya chuma, ya mwaka sabini na nane.
Tuliinunua Grou kwa daktari wa meno
aliyeapa kwamba kila kitu kiko sawa,
huku akiipapasa kama shavu la mgonjwa.
Jina lake Swealtsje, mbayuwayu kwa Kifrisia.
Baridi ya Januari ilimkuta na maji tumboni;
maji yakaganda, yakanenepa,
yakadai nafasi pasipo na nafasi.

Jumamosi niling'oa mbao za sakafu.
Mimi ni dereva wa basi, miaka thelathini Leeuwarden,
mikono yangu inajua usukani, si spana.
Nililala kifudifudi, tochi mdomoni,
nikapenyeza mkono kati ya tangi na mbavu za chuma
hadi kiwiko changu kikagusa kiwiko cha bomba,
chake kikitoka machozi, changu kikichunika.

Karatasi ya chooni ndiyo mpelelezi bora:
unaizungusha kwenye kila kiungio, unangoja,
inayolowa ndiyo inayosema.
Zilisema tatu.

Dukani kwa Terpstra kijana wa kaunta
alikitazama kipande changu cha kijivu,
akakigeuza, akakinusa hata.
"Hivi viliacha kutengenezwa kabla sijazaliwa,"
alisema kwa furaha, kama anayetaja mnyama aliyetoweka.
Akanipa viungio vya kuoanisha bomba la kale na jipya,
upande huu mpana, upande ule mwembamba,
na katikati pete nyeusi ya mpira
ambayo ningeweza kuivaa, kama ningekuwa mtoto.
Bei siitaji. Wobbe anaweza kuyasoma haya.

Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta.
Kwenye boti huna ukuta wa kujenga;
una ziwa tu, linalongoja nje kwa adabu.

Nilikata bomba. Nilikata mshazari, nikakata tena,
likawa fupi kwa upana wa kidole.
Nikatukana kwa lugha ya mama,
ambayo kwa matusi haina mpinzani.
Wobbe akanipitishia kahawa tunduni
bila kuuliza kitu.

Chini kabisa, nyuma ya hita,
nilikuta kiungio cha shaba, kijani kwa uzee,
na juu yake, kwenye ubao, mwandiko wa penseli:
Durk, 14 Mei 83. Nadhani kimeshika.

Nikakizungushia karatasi. Nikangoja.
Nikaimaliza kahawa, baridi na yote.
Karatasi ikatoka kavu kama mkate wa juzi.

Durk, sikujui.
Hukuapa kama daktari wa meno,
ulisema nadhani,
na miaka arobaini hakuna tone lililokukanusha.
Sikukigusa. Nilifuta vumbi tu.

Vyangu vitatu nikavikaza kwa mkono,
kisha robo mzunguko, si zaidi,
maana plastiki haimsamehi mwenye hasira.
Nikatafuta penseli. Nikaandika Tjitske,
nikaandika tarehe,
nikasita kwenye neno la mwisho,
nikaliazima lake.

Usiku ule bata walinyamaza mapema.
Dakika kumi na moja zikapita.
Kumi na mbili. Ishirini. Nikaacha kuhesabu.
Saa nane na kitu, pampu ikaguna.
Moyo ulinidondoka hadi kwenye tangi.
Nikanyoosha mkono: upande wa Wobbe ulikuwa mtupu,
na kule jikoni, gizani,
glasi iliwekwa taratibu kando ya sinki.