Sifuri Moja Sita Tisa

Alhamisi jioni, mvua ya Nakuru
ikigonga mabati ya saiba yangu nyuma ya stendi,
akaingia Kĩmotho na karatasi ya daftari
aliyoiandika marehemu mwenyewe, miaka kumi kabla.
"Ya kusomwa siku yangu," juu kabisa, kwa wino wa buluu.

Jina lake Nyagũthiĩ.
Si lugha yangu. Nilisoma kwa kidole, kama mtoto:
u yenye kiwimbi utosini,
kisha mwishoni i mbili zikifuatana,
ya mbele kichwa wazi, ya nyuma imejitanda.

Kibodi yangu haina u hiyo.
Aliyeiunda alikumbuka dola, akakumbuka nyota,
akakumbuka hata ile a iliyojikunja kama paka jikoni.
Nyagũthiĩ hakumkumbuka.

Njia ya panya ipo. Unaandika sifuri moja sita tisa,
unabonyeza Alt na X,
tarakimu nne zinamezana, inatoka ũ.
Sifuri moja mbili tisa: ĩ.
Nimezishika kichwani kama nambari za simu za watu
ambao siku hizi hawapokei.
(Kwa mjukuu, Mbũthia, acha nafasi kwanza,
la sivyo mashine huidhania b kuwa tarakimu
na kuila pamoja na zile nne.)

Nikaweka kwenye flashi. Akavuka barabara kwa wachapaji.
Saa moja usiku huyo amerudi, nakala ya majaribio imelowa:

NyagÅ©thiÄ©

"Mama alikuwa mwalimu, Bahati," alisema.
"Kwa hili angetukata maksi."

Nikamweleza, ingawa hakuuliza.
Kumbe ũ hulala ndani ya mashine kwa namba mbili,
mtu na kivuli chake.
Programu yao kuukuu ilihesabu wageni wawili,
ikampa kila mmoja kitanda.

Jaribio la pili: visanduku.
Viwili, vitupu, vyenye kingo nyeusi,
pale herufi zilipokuwa.
Kĩmotho alivitazama kitambo.
"Sanduku moja linatosha," akasema.

Basi tukawaambia wachape hivyo hivyo, kichwa wazi.
Nakala mia mbili zikaja zingali na joto.
Tukakaa mezani kwangu, yeye, binamu yake na mimi,
kalamu tatu nyeusi,
tukazivisha moja moja.
Yeye alichora kwa mkono wa kushoto, viwimbi vikimlalia nyuma.
Vya binamu vilikuwa vinene kama nyusi za mtu aliyekasirika.
Vyangu, sijui, vilitoka kama heroe
jinsi tulivyowachora darasa la tatu, mbali, juu ya ziwa,
mkunjo mmoja tu wa penseli na ndege karuka.
Mia nne kwa jumla. Umeme ulikatika kwenye mia na kitu
tukaendelea kwa tochi ya simu.

Alipotaka kulipa akaniuliza jina.
"Ong'ayo."
Kalamu ikasimama juu ya kitabu cha risiti.
"Kale kadoa kanakaa wapi?"
Hakuna aliyewahi kuniuliza.
Fomu ya mtandaoni iliniambia, kwa rangi nyekundu,
jina lako lina alama isiyoruhusiwa,
na tangu siku hiyo kitambulisho changu ni cha Ongayo,
bwana mmoja ambaye sijapata kukutana naye
lakini hulipa kodi yangu.

"Baada ya g," nikasema. "Juu."
Akakaweka. Kakubwa mno, kama msumari.

Jumamosi walimzika. Sikwenda, nilikuwa na wateja.
Nakala moja ilibaki chini ya kibodi
na sikuigundua hadi Jumanne:
u tulikuwa tumeivisha,
ile i ya mwisho tukaisahau.
Nikachukua kalamu, nikasita,
sikukumbuka mara moja ni ipi kati ya zile mbili,
nikaandika kwanza kwenye skrini, sifuri moja mbili tisa,
ili nione.