Shusha Taa Kwanza

Mwaka nilipokabidhiwa ufunguo wa sanduku la wahitaji
katika kanisa letu la mbao, Ndosho, juu ya mawe meusi,
nilidhani upendo ni kutoa, basi.
Mkono ukinyoshwa, nautia kitu.
Jicho likilowa, na langu linalowa.
Kanyere, mtunza hesabu, aliniuliza,
"Huyu unamjulia wapi?"
Nikamjibu kwamba Bwana haulizi.

Akaja yule wa suti ya samawati,
aliyejiita mtumishi,
aliyejua kulia kwa jicho moja.
Ana yatima ishirini na wanne kule Sake, alisema,
akayataja majina yao mbiombio
kama mtu anayehesabu maharage ya mwenzake.
Nilimpa yote, hata fedha za mabati.
Usiku ule nililala usingizi mtamu
wa mtu aliyejiridhia.

Mvua za Septemba zilitukuta ndani.
Kwaya iliimba katikati ya mabeseni.
Na kule Sake hakuna aliyemjua
mtu wa suti, wala yatima wake.

Kanyere hakunicheka. Alinipeleka shambani kwake,
kando ya barabara ile ile ya Sake,
mahali ardhi imebonyea,
na majani ni mabichi kuliko kwingine kote.
"Hapa mbuzi wangu watatu walilala wasiamke.
Mazuku. Hayana rangi, hayana harufu.
Yanakaa chini, kimo cha mtoto,
yanamngoja anayeinama."
Akaifunga koroboi kwa kamba, akaishusha taratibu.
Mwali ulicheza, ukasinyaa, ukafa,
kana kwamba mtu ameuziba mdomo.
"Sikukatazi kushuka," akasema.
"Huko chini kuna watu wetu.
Shusha taa kwanza."

Neno hilo nililishika kwa upande wa makali.
Nikarudi mjini na maswali ya karani wa mpakani:
barua iko wapi, muhuri wa nani, shahidi yuko wapi.
Hilo nililiita utambuzi.
Nikalifurahia, Mungu anisamehe,
kuliko nilivyowahi kufurahia kutoa.

Bauma, kijana wa chukudu, alikuja Ijumaa jioni,
vumbi la makala limemjaa hadi kwenye kope,
akasema dada yake ameshikwa na uchungu, mambo si mazuri,
hospitali wanataka kitu kwanza.
Nikamtazama viatu.
Vilikuwa vipya.
Nikamwambia arudi Jumatatu.

Viatu vilikuwa vya shemeji yake.

Jumanne nilimkuta kwenye mteremko wa Birere,
amebeba magunia sita ya viazi, breki ni kisigino chake.
Alisimama, akanisalimia kwa heshima,
na heshima hiyo ndiyo iliyonichoma.
"Dada amepona," akasema.
"Mtoto, hapana."
Kisha akaisukuma chukudu,
gurudumu la mti likalia juu ya jiwe
mpaka kona ikalimeza.

Mlima ulikuwa mwekundu kichwani usiku ule.
Sikupata sala ndefu. Nilisema tu:
Nilipenda nimefumba macho.
Nikafumbua macho, nikafumba mkono.

Miaka minne sasa. Sijui kama nimekua.
Juu ya mawe ya moto uliopoa hakuna kinachoota upesi:
kwanza ukungu wa kijivu unaodhani ni uchafu,
halafu kangaga, halafu miaka mingi ya kitu kisichoonekana,
halafu mama fulani anatia mbegu ya haragwe kwenye ufa
bila kumwambia mtu.

Jana usiku alibisha mwanamke nisiyemjua,
bidoni la maji mkononi, homa ya mtoto mgongoni.
Sikuuliza barua. Sikufungua sanduku pia.
Nilivaa viatu nikamwambia, "Twende nikaone."
Njia ni ya mawe, na umeme ulikuwa umekatika.
Taa niliishika mimi, chini, karibu na miguu yetu,
na kwa mkono mwingine nikalipokea bidoni lake.
Lilikuwa zito.
Hatukuongea sana.